Kurudiana

“Tabia gani hii, mwanangu? Leo wameachana, juma lijalo wamerudiana!” Mama huyu, mzaliwa wa Bukavu, ni jirani yangu hapa Jane and Finch, mtaa wa Toronto. Ameshika karatasi ya daktari. Binti yake ndiye aliyemtuma nimsomee. Mkwewe naye amepewa kama hiyo. Mama ameapa hatakanyaga kwao tena.

Kitenzi tunacho. Rudi, rudia, rudiana: ile -ana huwataja wawili kwa pamoja, wala haisemi nani alibisha hodi kwanza. Kurejea ni kwingine. Katika talaka za Waislamu wa pwani, mume humrejea mkewe ndani ya eda, baada ya talaka ya kwanza au ya pili. Ya tatu hufunga mlango. Kurejea kuna hesabu na kuna mwenyewe. Kurudiana hakuna hesabu, ndiyo maana kunachosha hivi: hofu ya kuachwa humvuta mtu ndani, hofu ya kubanwa humtoa nje, na penye wawili wenye hofu hizo nyumba haitulii.

Nomino ndiyo iliyonishinda: karatasi ilisema “borderline personality disorder”. Kwa “personality”, vitabu vya saikolojia husema haiba. Lakini masikioni mwa watu haiba ni mvuto, ule uzito wa mtu akiingia barazani. Ningesema “tatizo la haiba”, mama angesikia kwamba binti yake hapendezi. Tabia imebeba lawama. Na aina yenyewe huitwa “mpaka”, kwa sababu mwaka 1938 Adolf Stern wa New York aliandika juu ya wagonjwa aliowaona wako katikati ya makundi mawili ya maradhi ya akili. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 uliziondoa aina nyingi, ukaweka viwango vya ukali. Neno mpaka likasalia. Kwa mzaliwa wa Bukavu mpaka ni mto Ruzizi, na askari.

Nikasema ugonjwa wa nafsi. Wataalamu watanisahihisha, nami nitasikiliza, lakini mwenye tabia hukanywa, mgonjwa hujuliwa hali. Nikaongeza kwamba tiba ipo, na kwamba Marsha Linehan, mwasisi wa mojawapo, alieleza hadharani mwaka 2011 jinsi yeye mwenyewe alivyolazwa akiwa msichana.

Mama akaikunja karatasi polepole.

“Wamerudiana tangu Jumapili,” akasema. “Kesho nitawapelekea sombe.”