Vilima vyenye Upara vya Katanga

Msafiri apitaye katika misitu ya Katanga huona jambo la kushangaza. Miti imejaa pande zote, mara anatokea mbele ya kilima chenye upara: miamba mikavu, nyasi fupi, na mimea midogo katika nyufa za mawe. Kwa nini miti imekoma hapo? Jibu ni neno moja: mukuba, ndiyo shaba.

Udongo wa kilima hicho una shaba nyingi, pengine na kobalti, hata miti mikubwa haiwezi kuishi. Mimea michache tu huvumilia sumu hiyo. Mmoja huitwa ua la shaba. Wataalamu huuita Haumaniastrum katangense. Ni wa jamaa ya kivumbasi.

Wazee wetu walijua kusoma vilima hivi. Walipoona upara na mawe ya kijani, walichimba. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, waliyeyusha mawe hayo kwa makaa na mivuo katika matanuru ya udongo, wakatengeneza misalaba midogo ya shaba. Misalaba ya namna hiyo imeonekana katika makaburi ya kale kando ya Lualaba. Baadaye Msiri, mwenye asili ya Unyamwezi, alitawala biashara hiyo mpaka alipouawa mwaka 1891. Mwaka uliofuata alifika Jules Cornet, Mbelgiji mjuzi wa mawe. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza.

Basi, wako wanaosema kwamba Wazungu ndio waliovumbua shaba ya Katanga. Tuwajibu nini? Tuwaonyeshe ua. Mahali palipokuwa na matanuru ya wazee, udongo ulichafuliwa na mabaki ya shaba, na ua lile huota hapo hata leo. Wachunguzi wa mambo ya kale wamelifuata, wakayakuta matanuru chini yake.

Lakini siku hizi mitambo humaliza kilima kizima, na mimea yake pamoja nacho. Zaidi ya aina 30 haziwezi kupatikana penginepo duniani. Kule Fungurume wataalamu wamejaribu kuhamisha mbegu na mabonge ya udongo wenye mimea. Ni kazi njema, ila kilima kilicholiwa hakirudi.

Sisi twauhitaji mukuba, kwa maana wengi wetu hupata mkate kwa huo. Hata hivyo, tusiache vilima vyote viishe. Shahidi wa kazi ya wazee wetu asifukuzwe kabla watoto wetu hawajamwona.