Paka wa Jirani na Deni la Kuambiwa

Mahindi yakishavunwa hapa Trans-Nzoia, panya huyafuata ndani ya stoo, na paka huwafuata panya. Mwenye magunia ya kilo 90 yaliyopangwa hadi darini hapati usingizi bila paka, nami sitaki mtu yeyote wa mtaa wetu, pembeni mwa mji wa Kitale, amwondoe wake. Lakini paka wa jirani yangu hulinda mahindi ya kwao usiku kucha, na alfajiri hupenya ua wa kayaba akaja kujisaidia kwenye kitalu changu cha dania. Si mara moja nimeng'oa mche nikakuta kinyesi mizizini.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Paka hutafuta udongo mkavu uliolegea ili afukie uchafu wake, kwa hiyo kitalu kilichopaliliwa jana ndicho kinachomvutia leo. Kinyesi chake kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma, na vimelea hivyo vikimpata mama mjamzito kwa mara ya kwanza vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Dania huliwa mbichi kwenye kachumbari. Ndiyo maana nimejiuliza kwa dhati: paka akichafua kwangu, nani ana deni? Mila mbalimbali zimelijibu swali hili, au swali ndugu yake, na majibu yake yanafaa kuwekwa kando kwa kando.

Nianze na Uingereza, kwa kuwa sheria yake ilitufikia pamoja na reli. Mwaka 1926, mwaka ambao reli ilifika Kitale, Mahakama ya Rufani ya huko iliamua kesi ya Buckle dhidi ya Holmes. Paka wa Holmes aliingia kwa jirani akaua njiwa na kuku. Mahakama ikasema mwenye paka hadaiwi kitu: paka huyo alifuata maumbile yake, kama afanyavyo paka yeyote. Hoja hiyo ina busara. Paka si ng'ombe wa kufungwa kamba, na ukimfungia ndani umemnyang'anya kazi yake. Lakini hukumu hiyo inamwacha aliyeumia mikono mitupu. Inamwambia kwamba hasara yake ni kama mvua ya mawe, haina wa kuulizwa.

Je, hukumu hiyo inatufunga sisi? Kifungu cha 3 cha Sura ya 8 ya sheria za Kenya kilipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, tena kwa kadiri ambayo hali ya Kenya na wakazi wake inaruhusu. Hukumu ya 1926 ilikuja baadaye, kwa hiyo kwetu ni ushauri tu. Kifungu hichohicho kinazitaka mahakama ziongozwe na mila za Kiafrika katika kesi za madai zinazowahusu wanaofuata mila hizo. Mlango wa kuwauliza wengine haujafungwa.

Pwani wanalo jibu la zamani zaidi. Waislamu wengi wa Lamu, Mombasa na Zanzibar hufuata madhehebu ya Shafi, na Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni miongoni mwa vitabu vikuu vya madhehebu hayo. Nawawi anamtaja paka waziwazi. Paka akiharibu ndege au chakula, mwenyewe atalipa, iwe usiku au mchana, iwapo tabia hiyo ilikuwa imejulikana kwa paka huyo. Kama haikujulikana, halipi. Tazama alivyopita njia nyingine. Majaji wa London waliuliza paka wote wana tabia gani. Nawawi anauliza paka huyu ana tabia gani, na mwenyewe alijua nini.

Mila hiyohiyo inatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya tukishikwa na hasira. Hadithi ya Mtume inasema paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaozunguka-zunguka majumbani mwetu, na maji aliyoyanywa yanafaa kwa udhu. Hadithi nyingine inamweka motoni mwanamke aliyemfungia paka bila chakula hadi akafa. Hata hivyo, kwa Shafi kinyesi na mkojo wa paka ni najisi, lazima vioshwe. Mtu anaweza kumpenda paka na bado akaukataa uchafu wake. Nawawi alizungumzia ndege na chakula, hakutaja kitalu. Kuipeleka kanuni yake hadi kwenye dania yangu ni hoja yangu mwenyewe, na naisimamia: mboga iliyochafuliwa ni chakula kilichoharibika.

Ukirudi nyuma zaidi, unaikuta fikra hiyo ya tabia iliyojulikana, safari hii kwa ng'ombe. Sheria za Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, zinasema fahali akimpiga mtu pembe njiani hakuna dai. Lakini kama baraza la mtaa lilikuwa limemjulisha mwenyewe kwamba fahali wake ana tabia hiyo, naye hakumdhibiti, atalipa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinashika msimamo wa jinsi hiyo: adhabu ya mwenye ng'ombe huwa kubwa pale alipokuwa ameonywa lakini hakumfunga. Makanisa yetu ya Bungoma na Kitale husoma sura hiyo, ila ni nadra kuisikia ikihubiriwa kwa habari ya majirani.

Upande wa Bungoma nilikokulia, ng'ombe akiingia kwenye mahindi ya mtu, mwenye shamba humwita liguru, yaani mzee wa kijiji, na wazee wawili watatu. Hukagua mashina yaliyoliwa, husikiliza pande zote, kisha husema kinachofaa kulipwa. Kesi ya paka sikuwahi kuiona, kwa sababu paka hana bei katika hesabu ya wazee. Ninachokumbuka ni swali lao la kwanza: “Ulimwambia?” Aliyenyamaza miezi mitatu kisha akaja na hasira alirudishwa kwanza kwa jirani yake. Hapo ndipo wazee wanapoachana na Babeli. Kwa Hammurabi, taarifa ni ushahidi wa kumfunga mtu. Kwa wazee, taarifa ni heshima ambayo jirani anastahili kabla hajashtakiwa mbele ya wengine. Katiba ya 2010, ibara ya 159, inataka njia hizi za jadi za kusuluhisha zikuzwe, na Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Ofisi ya kaunti iko mjini, nyumba ya jirani iko nyuma ya ua.

Wapo wanaochagua njia ya tano, sumu ya panya ndani ya kipande cha nyama. Mila zote nilizozipitia hazimpi mtu ruhusa hiyo, na Sura ya 360 ya sheria za Kenya inakataza ukatili kwa wanyama. Sumu huua na mbwa pia, na siku ikijulikana huua ujirani.

Mimi nilikaa kimya msimu mzima. Hatimaye nilikwenda kwa jirani yangu, mama mzee ambaye wote tunamwita kukhu.

“Mulembe, kukhu. Nimekuja kwa habari ya paka.”

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Tangu mavuno unazoa uchafu wa paka wangu, na kila asubuhi unanisalimia kana kwamba hakuna kitu? Mwanangu, kwa nini hukuniambia?”

Malalamiko yangu hayakumuumiza. Kimya changu ndicho kilichomuumiza. Siku hiyo niliwaelewa wazee, na nikamwelewa Nawawi pia: kukhu hakuweza kudaiwa kwa jambo ambalo sikuwa nimemjulisha, na kosa la kwanza lilikuwa langu.

Sasa nyuma ya stoo yake kuna beseni pana la mchanga na vumbi la mbao, na mjukuu wake hulisafisha kila siku, kwa sababu vimelea vile huhitaji siku moja hadi tano nje ya paka kabla ya kuweza kuambukiza. Kwangu nimetandika matawi ya kayaba na waya wa kuku juu ya kitalu hadi miche ifunike udongo, na naumwagilia ili usikauke. Bado mara mojamoja paka hupita. Nikimwona, naita juu ya ua, na kukhu huitikia.