Kipimo cha Shamba na Haki ya Shamba

Kila taifa lina jinsi yake ya kupima ardhi, na jinsi hiyo yatuonyesha watu wake walithamini nini. Waskoti wa kale walihesabu kwa kazi ya ng'ombe: palikuwa na sehemu ya ng'ombe mmoja, na sehemu nane zilifanya shamba la plau moja, yaani la ng'ombe wanane.

Wameru hawakutanguliza swali la upana. Waliuliza kwanza, kihamba hiki ni cha nani, na cha ukoo gani? Kihamba hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, nacho hujulikana kwa mpaka wake na kwa ushuhuda wa jirani.

Wadachi walileta hekta, ambayo ni mita za mraba 10,000. Waingereza wakaleta ekari, na hekta moja yakaribia ekari mbili na nusu. Vipimo hivi ni vyema, ila havina mahali pa kuandika jina la ukoo. Matata yake yalionekana mwaka 1951, Wameru wapatao 3,000 walipoondolewa Engare Nanyuki ili nchi ile wapewe walowezi. Katika ramani palikuwa mashamba yenye namba. Kwa wenyewe palikuwa nyumbani. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York.

Basi tusemapo ekari tatu, tukumbuke ya kuwa kipimo hueleza ukubwa wa shamba. Haki yake hueleza watu.