Kalamu ya Risasi Katika Udongo wa Nakuru

Karibu na mji wa Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, pana kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi, wanyama wadogo wakaao katika nyufa za mawe. Mwaka 1937 alianza kuchimba hapo mwanamke Mwingereza mwenye umri wa miaka 24, jina lake Mary Leakey.

Hakuwa na shahada yoyote. Baba yake alikuwa mchoraji. Yeye mwenyewe alifukuzwa shule mara mbili (wala huu si ushauri, msomaji). Kilichomfungulia mlango wa elimu ya mambo ya kale ni mkono wake. Alimchorea mtaalamu Gertrude Caton-Thompson zana za mawe za Misri, na bibi huyo akamjulisha kwa Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, aliyehitaji mchoraji wa kitabu chake kilichotoka mwaka 1934. Wakaoana mwaka 1936.

Yafaa tuulize: mchoro wa nini, na kamera zilikuwapo? Jiwe lililochongwa na mtu lina makovu, na kila kovu ni alama ya pigo moja. Kamera huyachanganya makovu hayo na vivuli na mng'ao, hasa wa lile jiwe jeusi la volkano, mfano wa kioo, lipatikanalo kwa wingi pande za Nakuru na Naivasha. Mchoraji hana budi kuamua: pigo hili lilitoka upande gani, na lipi lilitangulia? Asipoelewa, mistari yake itasema uongo. Kwa hiyo kuchora kwake kulikuwa ndiko kuchunguza.

Tena kuna jambo zito zaidi. Kitabu ukikisoma waweza kukirudia, walakini kaburi la kale likishafukuliwa limekwisha. Hyrax Hill palikuwa na makaburi ya Zama za Mawe, na wanawake walizikwa pamoja na sahani za mawe. Mahali pa kila mfupa na kila sahani hapakuwa na budi kuchorwa kabla havijainuliwa, kwani baada ya hapo mashahidi ni karatasi tu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1938 pia, katika pango la Mto Njoro, palipoonekana mifupa ya maiti zilizochomwa, shanga za mawe, na chombo cha mti chenye nakshi, ambacho moto ulikihifadhi kwa kukigeuza makaa.

Sifa kubwa zilimjia baadaye: fuvu la Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli mwaka 1978. Lakini mimi huipenda zaidi kazi ya mwaka 1951 huko Kondoa, Tanganyika. Humo alifuatisha mistari ya wachoraji wa kale wasiojulikana majina. Nakala hizo zilitoka kitabuni mwaka 1983, na huko nyuma jua, mvua na mikono ya watu vilikuwa vikiendelea kuifuta michoro yenyewe.