Bei, Gharama na Umiliki wa Konsoli

Anayetafuta gari la mtumba Dar es Salaam haulizi bei tu. Huuliza linakulaje mafuta, spea zake zinapatikana wapi, na likitaka kuuzwa litapata mnunuzi haraka au litaota nyasi uani. Ndiyo maana Toyota Vitz huweza kulishinda gari kubwa la Ulaya lenye bei ileile. Wahasibu wana istilahi ya maswali hayo yote yakijumlishwa: jumla ya gharama za umiliki. Maana yake ni fedha zote ambazo kitu kitamtoa mwenyewe tangu siku ya kukinunua hadi siku ya kuachana nacho, ukiondoa atakachopata akikiuza.

Istilahi hii ilisambazwa na Gartner, kampuni ya ushauri ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo kompyuta za mezani zilikuwa zikimiminika maofisini, na wakuu wa idara walikuwa wakisoma bei ya dukani bila kumhesabu fundi, programu, mafunzo na saa za kazi zinazopotea mashine inapogoma.

Siku hizi kifaa kinachoihitaji hesabu hiyo kuliko vingine kiko sebuleni. Ni konsoli, mashine ya gemu ambayo vijana wengi huiita PS kwa mkato.

Konsoli inahitaji istilahi hii kwa sababu bei yake hupangwa isiseme ukweli wote. Mwaka 2021, katika kesi ya kampuni ya gemu ya Epic dhidi ya Apple iliyosikilizwa California, ofisa wa Microsoft, Lori Wright, aliiambia mahakama kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine yenyewe ya Xbox. Mwaka uliofuata Phil Spencer, aliyekuwa mkuu wa idara ya gemu ya Microsoft, alitaja hasara ya kati ya dola 100 na 200 kwa kila Xbox. Sony nayo ilianza kuuza PlayStation 5 Novemba 2020 kwa dola 499, na ni Agosti 2021 ndipo iliposema kuwa toleo lenye sehemu ya diski haliuzwi tena kwa hasara. Fedha hurudi kwa mlango wa pili: gemu, ada za mtandaoni na kamisheni ya kila kinachouzwa katika duka la kampuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30. Mvuvi huita mpango kama huo chambo.

Kiswahili kina maneno matatu ya kulitegua fumbo hili, na yote yametoka Kiarabu yakabadilishana kazi njiani. Bei kwa Kiarabu ni tendo la kuuza. Kwetu imekuwa kiasi kinachotajwa na muuzaji. Thamani hutokana na neno ambalo Kiarabu hulitumia kwa bei. Kwetu limepanda daraja likawa ubora na manufaa ya kitu. Gharama, ambayo Waarabu huitumia kwa faini, imekuwa kila kinachomtoka mnunuzi. Bei basi iko mdomoni mwa muuzaji, gharama iko mfukoni mwa mnunuzi, na thamani iko katika matumizi. Swali la kama konsoli inastahili bei yake hupotea pale maneno haya yanapotumiwa kama pacha.

Tumchukue mnunuzi wa kufikirika wa Marekani, aliyelipa dola 500 Novemba 2020. Anaongeza pedi ya pili kwa dola 70 ili mdogo wake asibaki mtazamaji. Kwa miaka mitano ananunua gemu sita za dola 70, jumla 420. Ili acheze na wenzake mtandaoni analipia PlayStation Plus ya daraja la chini: dola 60 kwa mwaka kwa miaka mitatu, kisha dola 80 kwa miaka miwili, kwa kuwa Sony ilipandisha ada hiyo Septemba 2023. Hizo ni 340. Jumla imefika dola 1,330. Akiiuza mashine kwa 250, gharama yake ni 1,080, zaidi ya mara mbili ya bei iliyomvutia.

Akicheza saa 10 kwa wiki, miaka mitano itampa saa 2,600, na kila saa itakuwa imemgharimu takribani senti 42. Akicheza saa moja kila Jumapili, saa hiyohiyo itapanda hadi dola 4 na senti 15. Mashine ni ileile na gharama ni ileile. Kilichobadilika ni thamani.

Mnunuzi wa Mombasa au Mwanza ana mistari mingine ya kuongeza: usafirishaji, ushuru, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, na umeme. PlayStation 5 ikicheza gemu nzito hutumia wati 200 hivi, kwa hiyo saa tano humaliza yuniti moja ya umeme. Kusubiri nako hakusaidii kama zamani. PlayStation 2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000, ikashuka hadi 99 mwaka 2009. PlayStation 5 yenye diski ilipandishwa bei Marekani Agosti 2025 hadi karibu dola 550.

Neno linalosumbua katika istilahi ya jumla ya gharama za umiliki ni hilo la mwisho, umiliki. Linamtosha mwenye hati ya kiwanja, na linalitosha boksi lililo chini ya televisheni. Lakini gemu ya dijitali hainunuliwi kama sufuria: anacholipia mchezaji ni leseni. Kampuni ya Ubisoft ilizima seva za gemu yake The Crew tarehe 31 Machi 2024, na gemu hiyo, iliyotoka mwaka 2014, ikawa haichezeki hata kwa mwenye diski yake kabatini. Tangu Januari 2025 sheria ya California inawataka wauzaji wa bidhaa za dijitali wamweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni.

Je, iitwe jumla ya gharama za matumizi? Hapana, kwa kuwa gharama za matumizi tayari zina kazi: ni zile za uendeshaji, kama umeme na matengenezo, na huiacha nje bei ya kununulia. Mwenye kibanda cha gemu ana neno lake, kujilipa: huhesabu mechi zilizolipiwa hadi PS irudishe hela iliyoinunua. Hesabu yake ni nzuri, ila inaelezea mapato, na sebuleni hakuna anayelipia mechi.

Kwa hiyo umiliki ubaki, hasa kwa sababu unamlazimisha mnunuzi ajiulize anamiliki nini. Mwaka 2020 toleo la PlayStation 5 lisilo na sehemu ya diski liliuzwa dola 399, nafuu ya dola 100. Mwenye diski sita akiziuza kwa dola 20 kila moja anarudisha 120, na kabla ya hapo ameshaziazimisha kwa jirani. Mwenye gemu sita za dijitali, katika safu hiyo ya mauzo, anaandika sifuri.