Penzi la Mahasimu: Utetezi wa Istilahi

Motifu ya wahusika wawili wanaoanza kwa kuchukiana na kuishia kupendana haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa riwaya pendwa, hasa aliyezisoma riwaya za Kiingereza za nyota wa roki, ambamo mwimbaji mwenye majivuno na mwanamke asiyebabaishwa na umaarufu hujikuta katika basi moja la ziara, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa balaa la safari nzima. Kinachohitaji kufafanuliwa ni kwa nini motifu inayopendwa kiasi hicho imepewa kwa Kiswahili jina lisilostahili kuitwa istilahi, yaani "kutoka maadui hadi wapenzi". Hilo si jina bali ni maelezo ya njia, kama ubao wa daladala unaotaja kituo cha kuanzia na kituo cha kumalizia, na waliolipitisha wamefuata maneno ya Kiingereza moja baada ya jingine bila kujiuliza kama Kiswahili hutaja mambo yake kwa namna hiyo.

Kosa kubwa limo katika neno "adui". Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuvuka mpaka na kudhulumu, ambao ndio pia uliokipa Kiswahili kitenzi "taadi". Adui huweza kuchukiwa miaka mingi bila kuonekana uso wake, na huweza kuchukia bila anayechukiwa kujua. "Hasimu", neno ninalolipendekeza katika istilahi "penzi la mahasimu", ni mtu wa aina nyingine kabisa. Katika Kiarabu, khasm ni yule aliye katika shauri na mwenzake, na neno hilo ndilo linalowataja, katika Sura ya Sad, wagombanao waliomwendea Nabii Daudi ili awaamue. Kiswahili sanifu kilipolipokea kiliifanya kh kuwa h, kikalitia irabu, kisha kikalizalisha kwa wingi: hasimu, mahasimu, uhasama, hasimiana. Maneno haya yote yanabeba sharti la kukabiliana, kwa maana hakuna hasimu wa peke yake; anayehasimiana na mtu yuko mbele ya mtu huyo, anamsikia, anamjibu, na hawezi kumwondoa mawazoni.

Sharti hilo ndilo roho ya motifu yenyewe. Katika riwaya ya Jane Austen iliyochapishwa mwaka 1813, Pride and Prejudice, Darcy anakataa kucheza dansi na Elizabeth Bennet kwa maneno ambayo Elizabeth anayasikia, na tangu hapo kila wanapokutana hujibizana kwa ukali, mpaka Darcy anapotoa posa yake ya kwanza na kukataliwa waziwazi. Hakuna kati yao anayetaka kumwangamiza mwingine, kwa hiyo hakuna adui. Kuna shauri baina ya watu wawili, na raha ya msomaji inatokana na kuiona hukumu mapema kuliko wahusika wenyewe. Beatrice na Benedick wa Shakespeare walikwishaionyesha raha hiyo jukwaani zaidi ya karne mbili kabla.

"Penzi" nalo limechaguliwa kwa makusudi. Limetokana na "penda", ambapo d imegeuka z mbele ya irabu i, kama "linda" inavyozaa "mlinzi", na kwa umoja wake linataja uhusiano mahususi wa wawili, ilhali "mapenzi" hutaja hali kwa ujumla. "Penzi la mahasimu", basi, ni penzi lililozaliwa ndani ya uhasama na linaloendelea kubeba ukali wake hata baada ya mapatano, jambo ambalo "kutoka" na "hadi" hulifuta kabisa, kana kwamba uhasama ulikuwa nguo ya kuvuliwa mlangoni.

Wapo wanaopendekeza "watani wapendanao", na pendekezo hilo lingestahili heshima zaidi kama watetezi wake wangelichunguza. Utani ni uhusiano wenye ruhusa: mtani hutukana na haumizi, kwa sababu pande zote mbili zimekubaliana kwamba tusi si tusi. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na utani wao ulikuja baada ya vita hivyo. Kwa hiyo utani ni tunda la amani iliyokwisha kupatikana, wakati motifu hii inadai jeraha la kweli na amani inayotafutwa. Magazeti ya michezo, yanayoziita Simba na Yanga mara watani wa jadi, mara mahasimu wa jadi, yasichukuliwe kuwa ushahidi wa kufuta tofauti hiyo.

Linalosikitisha zaidi ni kumwita nyota wa roki wa riwaya hizi "nyota wa mwamba". Roki ni ufupisho wa jina la muziki lililotokana na vitenzi vya Kiingereza vya kuyumba na kubiringika, wala halina uhusiano na jiwe. Ni aibu kwa lugha ya kisiwa alikozaliwa Freddie Mercury mwaka 1946 kumgeuza mwanamuziki wa namna yake kuwa sehemu ya jabali. "Nyota wa roki" inatosha.

Istilahi nzuri pia hubagua. Daisy Jones & The Six, riwaya ya Taylor Jenkins Reid ya mwaka 2019, mara nyingi huwekwa katika kundi hili kwa sababu Daisy na Billy wanagombana wanapotunga nyimbo za albamu moja; lakini mvuto baina yao haufikii kuwa penzi lililokubaliwa, hivyo hapo pana mahasimu bila penzi la mahasimu, ubainisho ambao ubao wa vituo viwili hauwezi kuutoa kwa neno moja.

Kwa matumizi, iandikwe "riwaya ya penzi la mahasimu", wingi "riwaya za penzi la mahasimu", bila vistari.