Sebule ya Akina Huntley

Msata, pale barabara ya Bagamoyo inapokutana na ile kuu iendayo Segera, nilisubiri basi la Tanga huku nikipekua kitabu kikuukuu: kile cha Walter Rodney, cha namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mwanzoni wametajwa wachapishaji wawili. Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam twaijua, ilikuwa mali ya umma. Bogle-L'Ouverture ya London ilikuwa sebule ya watu.

Wenye sebule ni Jessica na Eric Huntley, mke na mume wa Guyana waliohamia Uingereza miaka ya 1950, wakakaa Ealing. Oktoba 1968 serikali ya Jamaika ilimzuia Rodney, mhadhiri wa chuo kikuu kule, asirudi nchini alipotoka mkutanoni Kanada. Kingston ikachafuka. Akina Huntley na wenzao wakakusanya mihadhara yake, wakachangishana, na mwaka 1969 wakatoa The Groundings with My Brothers. Jina la kampuni walilitwaa kwa Paul Bogle, aliyenyongwa Jamaika mwaka 1865, na Toussaint L'Ouverture wa Haiti. Wote wawili waasi. Mwenye kuchagua majina hayo hatafuti mteja wa kila namna.

Rodney akarejea kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huku ndiko alikoandika kitabu kikubwa. Kilitoka 1972, kwa ubia wa shirika la serikali na sebule ile. Ubia wa ajabu, lakini sioni kampuni kubwa ya London ambayo ingekibeba kwa moyo ule. Habari zake za biashara ya watumwa nilizisoma nikiwa kilomita 64 tu kutoka Bagamoyo. Nilisahau hata kuangalia basi.

Katikati ya miaka ya 1970 vitabu viliishinda nyumba, wakafungua duka hapohapo Ealing. Mwaka 1975 wakachapisha Dread Beat an' Blood, mashairi ya kijana Linton Kwesi Johnson. Wabaguzi wa rangi walilishambulia duka, halikufungwa.

Juni 13, 1980, Rodney aliuawa kwa bomu Georgetown, akiwa na miaka 38. Duka likabadilishwa jina, likaitwa la Walter Rodney. Jessica alifariki 2013. Makaratasi ya kampuni yao yamo katika hifadhi ya nyaraka ya jiji la London tangu 2005, na msomaji yeyote anaweza kuomba kuyaona.